Mnong'ono na Ngurumo

Kama hujawahi kumwona Mnong'ono usijilaumu, kwa sababu kazi yake yote ilikuwa kutoonekana. Katika jumba la michezo ya kuigiza la jiji, upande wa kushoto wa jukwaa, nyuma ya pazia zito lenye vumbi la miaka, palikuwa na kigoda, taa ndogo iliyofunikwa kitambaa cheusi, na yeye. Mwigizaji akisahau maneno, alimnong'oneza. Basi, kazi ndiyo hiyo. Ukiona mchezo umekwenda sawia mwanzo mpaka mwisho, ujue kuna mwanamke pale pembeni aliyekaa roho juu wakati wewe umekaa unatafuna karanga.

Na kama hujamsikia Ngurumo, mumewe, basi mji ule hukuishi, au uliishi umeziba masikio. Mwili wenyewe wa kawaida tu, miguu myembamba, suruali kila siku inataka mkanda mwingine. Lakini sauti! Akisema "karibuni" jukwaani, muuza tiketi huko nje anaitika. Watu ndio waliowabatiza, mume Ngurumo, mke Mnong'ono, na majina ya kwenye vyeti yakabaki kwenye vyeti.

Kila msimu mpya ulipofunguliwa, kabla mchezo wa kwanza haujaanza, Ngurumo alitoka peke yake mbele ya pazia akatoa salamu za msimu. Salamu kwa jina tu. Kazi yake pale ilikuwa kuwasema wakubwa. Meya na watu wake wa baraza walikaa safu ya mbele, wamevaa wakavalika, na ilibidi wacheke. Atakayenuna atasemwa mwaka mzima, sokoni, saluni, mpaka msibani. Kwa hiyo walicheka, jamani, walicheka mpaka wengine ukawaonea huruma. Palikuwa mahali pekee katika mji ule ambapo mkubwa aliambiwa ukweli usoni na hakuna aliyekamatwa. Watu ambao hawakujua hata mchezo wenyewe unahusu nini walijaza jumba kwa ajili ya salamu tu. Baraza lilikuwa linalimezea mate jumba lile siku nyingi, ligeuzwe ukumbi wa mikutano na harusi, lakini nani angethubutu kufunga mlango ambao mji mzima unaupitia kwenda kumcheka yeye?

Sasa kuna jambo moja la kazi yao ni lazima ulijue, la sivyo hutanielewa mbele. Mwigizaji aliyezoea kukumbushwa hasikilizi maana. Anasikia sauti ya nyuma ya pazia, mdomo unarudia, akili inafuata baadaye ikipenda. Mwaka mmoja Ngurumo alikuwa mfalme, amekaa kwenye kiti cha enzi, akakwama. Mnong'ono akafungua mdomo ampe neno, mara paka wa jumba akapenya chini ya pazia, akaja miguuni pake. Mnong'ono akamgeukia mlinzi wa jumba aliyesimama karibu, akanong'ona: "Mtoe paka huyo, ananinusa soksi!" Na Mfalme, kwa hasira ya kifalme, akamnyooshea waziri wake kidole: "Mtoe paka huyo, ananinusa soksi!" Waziri akapigwa na butwaa. Watu walivunjika mbavu mpaka taa zikawashwa. Toka siku ile, mtu yeyote wa kujipendekeza na kuchungulia mambo yasiyomhusu akaitwa paka wa soksi, na mpaka kesho ukiwaudhi watu wa mji ule utaitwa hivyo. Nyumbani wale wawili walicheka mpaka chai ikapoa. Lakini Mnong'ono akajiwekea sheria: nyuma ya pazia hutasema neno la kwako. Hata ukiungua, ungua kimya.

Akaishika sheria hiyo mpaka wakazeeka wote wawili.

Ugonjwa wa Ngurumo haukuja na homa. Ulianza kwa funguo, kama unavyoanza kwa watu wengi, ukaja kwenye majina ya majirani, kisha siku moja akaweka chumvi kwenye chai yake mwenyewe, akainywa yote, akasema tamu. Mnong'ono alicheka siku ile. Hakucheka tena asubuhi aliyomletea uji kitandani, Ngurumo akaupokea kwa mikono miwili, akamtazama kwa adabu ya mtu mgeni, akasema: "Asante sana, dada. Mwenye nyumba hii yuko wapi nimshukuru?"

Dada! Mtu uliyemzalia, uliyelala naye kitanda kimoja tangu mna meno yote, anakuita dada na kukuulizia mwenye nyumba. Alitoka nje akasimama kwenye kamba ya kuanikia nguo, akashika shati la mumewe lililolowa, akalia humo.

Kilichomwokoa, au tuseme kilichomponza, alikigundua kwa bahati. Alikuwa bafuni anaoga, pazia la plastiki amelivuta, anaongea peke yake kwa sauti ya chini kama kawaida yake. "Ngurumo, Ngurumo, umeniacha na nani?" Na kutoka kule chumbani sauti ikaitikia, nzima, yenye utani wake wa zamani: "Nipo, Mnong'ono. Nani kakuambia naondoka? Hata viatu sijaviona."

Alitoka na povu kichwani. Ngurumo akamwona, akaona haya, akageuza uso ukutani. "Samahani, dada, sikujua kuna mtu."

Akarudi nyuma ya pazia, akanong'ona. "Nipo, Mnong'ono." Akatoka. Dada. Akarudi. Mnong'ono. Masikini ya Mungu, alikwenda na kurudi mpaka maji yakamkaukia mwilini. Uso wake ulikuwa umefutika katika kichwa cha mumewe, lakini sauti ya nyuma ya pazia ilikuwa bado imo.

Siku hiyo hiyo alifunga kamba sebuleni kutoka kwenye dirisha mpaka kwenye kabati, akatundika shuka la bluu. Akikaa mbele ya shuka ni dada wa kuleta chakula. Akikaa nyuma yake ni mke, na mumewe anamtania, anamuuliza kama wali umeungua tena, anamkumbusha fulani na fulani. Wakati mwingine mambo hayakuwa yamenyooka, lakini yalikuwa mambo yao. Ikawa ndiyo ndoa yao, shuka katikati.

Binti yao, fundi cherehani aliyekaa upande wa pili wa mji, alipokuja na kukuta shuka limegawa sebule, alikishika kitambaa kwanza, kama fundi, ndipo akauliza.

"Mama, hili la nini?"

"La baba yako."

"Amekuwa mwali?"

Mama akamweleza. Binti akakaa chini, akavua viatu, akavivaa tena.

"Mama, mtoe Baba jukwaani. Msimu mpya huu atatoa salamu kweli? Watu watamcheka, na si kwa yale anayotaka wamcheke."

"Nitampa maneno mimi. Neno kwa neno."

"Na Meneja anajua?"

Meneja wa jumba alikuwa hajui kitu. Yeye alijua Ngurumo ana magoti mabovu, ndiyo maana mwaka huu hakumpa nafasi katika mchezo, alimpa salamu peke yake. Mabango yalikwisha kubandikwa mji mzima, sauti ya Ngurumo tena, msimu mpya.

"Unamficha nani, Mama? Baba ameshaondoka."

"Nyuma ya pazia yupo!" Mnong'ono alisema kwa ukali ambao binti yake hakuwahi kuusikia. "Ni jukwaa lililomfundisha sauti yangu. Akikatwa jukwaa, na sauti itakwenda. Mwanangu, siku atakayoisahau, mimi nitakuwa mjane wa mtu ambaye bado nampikia. Unataka niwe hivyo?"

Binti hakutaka. Akasema basi angalau wampeleke kliniki ya wazee, ile iliyokuwa nyuma ya stendi, yule daktari mpole amwangalie. Mama akacheka kicheko kibaya. Kliniki ilikuwa imefungwa kwa matengenezo tangu mvua zilizopita, na matengenezo yenyewe ni kwamba baraza la jiji limeweka humo viti vyake vya plastiki vya mikutano, vimepangwa mpaka dari. Alikwisha kwenda mara tatu na Ngurumo mkononi, wakachungulia dirishani. Mara ya tatu Ngurumo alivipungia mkono vile viti, akavipa salamu.

Basi akazitunga salamu mwenyewe, mwanamke ambaye hajawahi kusema sentensi moja mbele za watu. Akatunga mezani huku anachambua mchele, kwa namna ileile ya mumewe ya kuzunguka kwanza ndipo apige, na kila mzaha aliujaribu nyuma ya shuka. Ngurumo alirudia kwa sauti ya kutikisa vikombe. Akirudia anakuwa yeye, mabega juu, kidevu mbele, na Mnong'ono huku nyuma anajikuta anatabasamu kama msichana.

Siku ya kufungua msimu jumba lilifurika. Waliokosa viti walikaa kwenye ngazi, wengine walisimama nyuma wamebeba viatu mkononi ili wasikanyagwe. Meya alikuwa katikati ya safu ya mbele, tai nyekundu, tumbo limetangulia, mdomo ameshauandaa kwa kucheka. Mtu huyo alikuwa na mazoea, na ndiyo yaliyomtia matatani: hakungoja kuelewa. Ngurumo akinyamaza tu, yeye anaangusha kicheko, ili asije akaonekana wa mwisho.

Meneja akapita nyuma ya jukwaa akipangusa jasho. "Mama, mzee yuko tayari?"

"Lini hakuwa tayari?"

"Mwaka huu usiniangushe, nakuomba. Baraza linasubiri tupate hasara mara moja tu, nasi tutakuwa tunakodisha viti vya harusi."

Mnong'ono akampanga mumewe koti, akampitishia poda usoni. Ngurumo akamwambia: "Una mikono laini, dada. Mumeo ana bahati." Mnong'ono akaenda kwenye kigoda chake, akazima taa kubwa, akawasha ile ndogo.

Ngurumo akatoka. Watu wakapiga makofi hata kabla hajasema.

Mnong'ono akampa la kwanza. "Wananchi, bomba la mtaani kwetu lina kifua."

"Wananchi!" Ngurumo akaunguruma. "Bomba la mtaani kwetu lina kifua! Kila asubuhi linakohoa, linakohoa, halitoi kitu. Tukalishauri likamwone daktari. Likasema lilishakwenda, dawa hakuna!"

Jumba likalipuka. Meya akacheka wa kwanza. Mnong'ono akampa la pili, lile la shimo la barabara ya sokoni, kwamba limekaa sana mpaka wapangaji wamelizoea, na likizibwa mtaa utamkosa jirani. Hilo nalo likaenda. Alianza kupumua. Akajiambia, tutafika.

Na hapo ndipo Ngurumo akanyamaza. Akageuza kichwa polepole kuelekea kwenye pazia, akauliza kwa sauti ya chini, ya mtu aliyesikia kitu usiku: "Nani yuko huko?"

"Mimi, Mnong'ono," mkewe akanong'ona haraka, ili amrudishe.

"Mimi, Mnong'ono!" Ngurumo akawaambia watu. Wakaangua kicheko, walidhani ni mzaha, maana wote walijua nani ni Mnong'ono. Mmoja akapiga mluzi.

Lakini Ngurumo hakucheka. Akasogea hatua karibu na pazia, uso umemkunjamana. Akauliza tena, kwa yule wa nyuma ya pazia peke yake: "Mnong'ono ndiye nani?"

Wewe hebu fikiri. Amestahimili uji, amestahimili dada, amestahimili kuchungulia viti vya plastiki. Ile sauti ndiyo iliyokuwa imebaki. Karatasi za mchezo zikamteleza mapajani. Sheria aliyoishika tangu siku ya paka ikamtoka kichwani kabisa, na akanong'ona kama mtu anavyonong'ona peke yake akiamini hakuna anayesikia:

"Hunijui tena."

Ngurumo akageukia watu. Akavuta pumzi.

"Hunijui tena!"

Akanyamaza. Na Meya, kwa yale mazoea yake, akacheka. Ha, ha, ha! Peke yake. Hakuna mwingine hata mmoja aliyecheka. Kicheko chake kilitembea jumba zima kikitafuta mwenzake, hakikumpata.

Mnong'ono alikisikia. Hakujua ni cha Meya. Alisikia tu kwamba kuna mtu anaucheka msiba wake, na hakuweza tena kujizuia.

"Mimi ndiye ninayekulisha," akanong'ona, machozi yanamwingia mdomoni. "Ninakuvisha, ninakuogesha. Ninakusifia kwa watu ili usiaibike. Na wewe unanitazama kama mpita njia."

Ngurumo akayapokea moja moja, akayatoa kwa sauti ile, akimtazama aliyekuwa mbele yake, na aliyekuwa mbele yake ni Meya.

"Mimi ndiye ninayekulisha! Ninakuvisha, ninakuogesha! Ninakusifia kwa watu ili usiaibike! Na wewe unanitazama kama mpita njia!"

Huko nyuma kwenye ngazi mwanamke akasema, "Kweli kabisa." Mwingine akasema, "Mwambie, baba!" Watu wakaanza kugonga sakafu kwa miguu.

Mnong'ono akaendelea kunong'ona, na Ngurumo akafuata neno kwa neno: "Nikikuacha utaanguka. Nikikushika naanguka mimi. Nikupeleke wapi? Hata kliniki mmeifunga mmeijaza viti. Nimechoka. Jamani, nimechoka."

Aliposema "Jamani, nimechoka," sauti ya Ngurumo ilipasuka katikati, kwa sababu na mnong'ono wenyewe ulikuwa umepasuka, na yeye hurudia alivyopewa. Jumba likasimama. Watu wazima walilia. Meya akabaki amekaa, mdomo bado uko wazi nusu, akitafuta namna ya kuufunga bila kuonekana.

Nyuma ya pazia Mnong'ono alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Kwa kelele zile alidhani wanazomea. Alidhani amemwaibisha mumewe mbele ya mji, kwamba yote yamekwisha, na akaomba sakafu impokee.

Meneja ndiye aliyekuja kumshika mabega. "Mama! Mama, mmetisha! Haijawahi kutokea! Kwa nini hamkunidokeza?"

Chumba cha kubadilishia nguo kilijaa watu wa pongezi. Kila mtu alitaka kushika mkono wa Ngurumo, mwenye ujasiri, mwenye kusema kwa niaba ya mji. Ngurumo aliwashukuru wote kwa heshima. Na Mnong'ono alipopenya akaanza kumfuta poda, alimshukuru na yeye. "Asante, dada. Na wewe ulikuwepo? Wanasema ilipendeza."

Mnong'ono akasubiri mpaka mgeni wa mwisho alipotoka. Akaingia katikati ya nguo za kuigizia zilizotundikwa, magauni ya malkia na makoti ya askari, akajifunika nayo. Akamwita kwa mnong'ono. "Ngurumo."

Alisikia maji yakidondoka kwenye sinki.

"Ngurumo, jamani."

"Nipo," mzee akasema. "Nipo, Mnong'ono. Ulikuwa umekwenda wapi? Nilikutafuta pale, sikukuona."

Mnong'ono akalia kwa furaha humo ndani ya magauni. Haukuwa umekatika, ule uzi. Ulilegea tu. Na hapo ndipo alipokosea, kama ni kosa mtu kutaka mumewe. Aliamua kwamba jukwaa ndilo lililomrudisha, na kwamba atalishikilia jukwaa kwa meno.

Siku zilizofuata maneno yake yalikuwa kila mahali. "Hunijui tena" iliandikwa kwa mkaa ukutani mwa ofisi ya baraza. Makondakta walimwambia abiria anayejifanya hana nauli, wanawake waliwaambia waume zao, watoto waliambiana wakinyimana pipi. Wazee wa stendi walikwenda kusimama mbele ya kliniki wakiyasema, kila siku wakaongezeka. Meya hakuweza kupita barabarani bila kusikia mtu akichekea pembeni, ha, ha, ha, mara tatu, kama alivyocheka yeye. Mwishowe viti vikaondolewa. Kliniki ikafunguliwa, utepe ukakatwa, yule daktari mpole akarudishwa, na hakuna aliyezungumza tena habari za kugeuza jumba ukumbi wa harusi. Mji ulisema ni Ngurumo. Mnong'ono hakubisha. Angesema nini? Kwamba hakuwa anamsema Meya, alikuwa anamsema mume wake?

Meneja alikuja nyumbani na matunda. Alilitazama lile shuka akadhani ni la mazoezi.

"Mama, watu wanataka salamu zilezile. Kila onyesho, msimu mzima. Usibadilishe hata herufi. Hasa pale pa kuchoka, sauti ipasuke vilevile."

"Kila siku?"

"Kila siku. Watu wanatoka miji mingine."

Binti yake alimsihi asikubali. "Umepata ulichotaka, Mama. Amemaliza kwa heshima. Mtoe sasa." Lakini Mnong'ono alikwisha kupiga moyo konde. Kila jioni akakaa kwenye kigoda, na kila jioni akamnong'oneza mumewe, mbele ya jumba lililojaa, kwamba hamjui tena. Mara za kwanza kila neno lilimchoma. Kisha likawa kazi. Alijifunza kuipasua sauti mahali pake. Watu walilia mahali palepale, na yeye akiwasikia wakilia alifikiria kama amezima jiko.

Hakuona, au aliona akajifanya hamnazo, kwamba Ngurumo alikuwa haulizi tena "nani yuko huko." Alisimama, akapewa, akatoa. Nyumbani, nyuma ya shuka, ule utani ulipungua. Kwanza alichelewa kuitikia. Kisha akawa anaitika "nipo" bila jina. Kule kliniki daktari alimwangalia kwa upole, akamwambia Mnong'ono: "Mama, kwa ugonjwa huu dawa ya kumrudisha hatuna. Ongea naye tu. Sauti huwa ni ya mwisho kuondoka."

"Nitaongea naye," Mnong'ono akasema. "Ndiyo kazi yangu."

Jumapili moja, siku ambayo jumba halina onyesho, mchana, alimlisha wali, akamfuta mdomo, akaitwa dada, akaitikia. Akatoa vyombo. Kisha akapita nyuma ya shuka la bluu, akakaa kwenye kiti chake, akainama mbele kama anavyoinama kazini.

"Ngurumo."

Alisikia kiti kikilia. Mzee alikuwa anainuka. Kupitia kwenye kitambaa aliona kivuli chake kikinyoosha shati, mabega juu, kidevu mbele. Akasimama akitazama dirisha lililo wazi.

"Ngurumo!" mzee akaliambia dirisha.

Mnong'ono akashika ukingo wa shuka. "Hapana, baba. Mimi nakuuliza wewe. Mimi nani?"

"Hapana, baba! Mimi nakuuliza wewe! Mimi nani?"

Jirani wa upande wa pili akasikia, akapiga makofi kutoka uani kwake. "Moto huo, mzee! Salamu mpya hizo!"

"Acha kuigiza," Mnong'ono akanong'ona. "Niko hapa. Mimi ni mke wako."

Ngurumo akavuta pumzi, akafungua mikono yake miwili kwa jirani, kwa uani, kwa mji mzima uliokuwa nje ya dirisha.

"Acha kuigiza!" akasema kwa sauti iliyotikisa kioo. "Niko hapa! Mimi ni mke wako!"

Kisha akageuza sikio kwenye shuka, kwa subira, akangoja apewe neno linalofuata. Mnong'ono hakuwa nalo.